Jibu: Kwa nini watoe tezi nzima na sindano ilishapimwa?

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini daktari anataka kuitoa nzima ile tezi ya shingoni mwa ami yako, na sindano ilishasema hakuna saratani. Mkubalieni. Sindano nyembamba hunyonya seli chache zilizotawanyika, na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, hutambuliwa pia kwa namna seli zilivyojipanga ndani ya tezi. Kwenye limfoma ya Hodgkin, ambayo ni aina mojawapo, seli za saratani zenyewe mara nyingi ni kama 1 tu katika kila 100. Zilizobaki ni za kawaida. Sindano kuzikosa si ajabu.

TB nayo huvimbisha tezi za shingo, kwa hiyo muulizeni daktari kama kipande cha kuoteshea vijidudu vya TB maabara kitatengwa kabla tezi haijatiwa fomalini, dawa ya kuihifadhi, maana fomalini huua vijidudu. Ulizeni pia vipimo vya CD20 na CD30, yaani alama za protini kwenye seli, hata ikibidi kipande kivushwe Dar. Bila hivyo aina ya limfoma haijulikani vizuri, na kila aina ina dawa zake.

Na tafadhali sana, msimpe prednisoloni, vidonge vya steroidi, za kununua dukani. Husinyaza tezi na kuficha ugonjwa. Kama ameshaanza kuzitumia, mwambieni daktari kabla ami hajapasuliwa, wala msizikatishe wenyewe.