Kabla hujampenda mfanyakazi mwenzako Manila

Ukiajiriwa katika ofisi ya Wafilipino, utatafutiwa mchumba kabla hata kitambulisho chako cha kazi hakijatoka. Wanaita tukso, utani wa ofisi nzima. Mkipanda lifti moja na mtu, mkila meza moja, mmoja anapaza sauti "Uuuy!" na wengine wanaitikia.

Mimi nilifanya kazi Makati, mji ulio ndani ya Manila Kuu, zamu ya usiku, huduma kwa wateja. Wenzangu waliamua kwamba mimi na kijana wa meza ya mbele tunafaana. Saa tisa usiku likija sinia la pancit, zile tambi zao za kukamulia kalamansi, ndimu ndogo za kule, viti vilijaa upesi isipokuwa kimoja, kile kilicho ubavuni mwake. Nikitokea, watu wote wanainamia sahani huku wamebana kicheko.

Sisi Watanzania tumelelewa na utani, kwa hiyo ni rahisi kudhani hapo hakuna jambo. Lipo. Kule wapenzi wengi wameanzia kwenye tukso, na mwanaume mwenye haya huwategemea wenzake wamsemee. Ukicheka na kunyamaza, umeshajibu. Na kumkatalia mtu mbele za watu ni kumvunjia heshima, kosa ambalo Wafilipino hawalisahau upesi. Kwa hiyo usijibu mezani. Mimi nilimvuta kijana yule pembeni nikamwambia kwa upole kwamba namheshimu kama rafiki, uchumba sina nia nao. Kisha nikamwendea Ate mmoja, dada mkubwa wa ofisi ambaye kila mtu anamsikiliza, nikamwomba awatulize wengine. Alifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Kiti kile kikaanza kukaliwa na watu wengine.

Vilevile usipotoshwe na ukarimu. "Kumain ka na?" yaani umeshakula, huulizwa kila mtu hadi mlinzi wa getini. Kuletewa chakula au zawadi kutoka safarini si dalili ya mapenzi.

Jambo linalonitia wasiwasi hasa ni pale mmoja anapokuwa na cheo. Kama wewe ndiye unayepanga zamu na kuidhinisha likizo, usimtongoze mtu wa timu yako. Usijaribu hata kwa mzaha. Kijana aliyezoea kukuita Sir au Ma'am atajibu ujumbe wako wa usiku kwa "po", neno lao la adabu, na kijikatuni cha tabasamu, na wewe utadhani amekubali, kumbe anaogopa ratiba ya wiki ijayo. Sheria yao Na. 7877 ya mwaka 1995 imeliona hilo: bosi anayedai mambo ya kingono kwa aliye chini yake ana kosa hata kama yule mtu alikubali. Ya mwaka 2019, Na. 11313, ambayo watu huiita Bawal Bastos, imeongeza wenzako wa cheo kimoja, na hata aliye chini akimsumbua bosi wake. Inamtaka mwajiri awe na kamati ya kusikiliza malalamiko, mwenyekiti wake awe mwanamke. Ukisumbuliwa, iulizie kamati hiyo.

Halafu ulizia ndoa mapema, bila kuzungukazunguka. Ufilipino haina talaka, isipokuwa kwa Waislamu, wenye sheria yao ya mwaka 1977. Wengine huomba mahakama ibatilishe ndoa, kesi ya gharama na ya muda mrefu, kwa hiyo wengi hutengana tu na kila mtu akaishi kwake. Anayekuambia ametengana huenda anasema kweli kabisa, ila kwa serikali bado ni mke au mume wa mtu. Na ugoni kule ni jinai: mke na mwanaume aliyejua kwamba ameolewa wanaweza kufungwa hadi miaka 6. Kwa mume mwenye kimada adhabu ni nafuu na ushahidi unaotakiwa ni mgumu zaidi, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa wanawake wa nchi ile.

Mkiwa huru wote wawili na mmependana kweli, someni kanuni za kampuni kabla ya kujitangaza. Zimekuwapo kampuni zenye sharti kwamba wafanyakazi wawili wakioana mmoja aondoke. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ililikataa sharti la namna hiyo kwa sababu mwajiri hakuonyesha ulazima wowote wa kikazi. Lakini mwaka 2004 mahakama hiyohiyo iliiruhusu kampuni ya dawa kumkataza mfanyakazi wake kuoa mfanyakazi wa kampuni shindani. Na kama mmoja wenu anamsimamia mwenzake, ahamishwe timu kwanza, kwa maandishi. Aombe uhamisho yule mwenye cheo, asimwachie wa chini apoteze nafasi yake.