Timu huru ya MotoGP ina uhuru gani?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka 2024 Jorge Martín wa Pramac alitwaa ubingwa wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, mbele ya Francesco Bagnaia wa timu ya kiwanda ya Ducati, na tukaambiwa ni mara ya kwanza kwa dereva wa timu huru tangu daraja hilo lianze kuitwa MotoGP mwaka 2002. Mwaka huohuo Marc Márquez, bingwa wa dunia mara nane, naye akiwa juu ya Ducati katika timu huru ya Gresini, aliishia wa tatu. Naomba kueleweshwa: timu huru hupewa pikipiki ileile ya kiwanda au masalia? Na kama ni huru kweli, mbona haiundi pikipiki yake?

Jibu

Timu huru ni kampuni binafsi yenye nafasi yake katika mashindano, wadhamini wake, malori yake na mafundi wake. Pikipiki si yake, inakodi. Msimu wa 2025 ulikuwa na timu 11: tano za viwanda (Ducati, Aprilia, KTM, Honda na Yamaha) na sita huru. Gresini na VR46 zilikodi Ducati, Pramac ilikodi Yamaha, LCR Honda, Tech3 KTM na Trackhouse Aprilia. Hakuna iliyokimbia kwa injini ya mtu mwingine nje ya hao watano. Kwa hiyo neno "huru" linakueleza timu ni ya nani tu. Ukitaka kujua nguvu yake, uliza mambo matatu: pikipiki ni toleo la mwaka gani, mkataba wa dereva umesainiwa na nani, na gereji ile ina wahandisi wangapi waliotumwa na kiwanda.

Pramac ya 2024 ilikuwa na majibu mazuri kwa yote matatu. Ilikuwa na GP24, toleo lilelile la Bagnaia, Martín mwenyewe alikuwa na mkataba na Ducati moja kwa moja, na wahandisi wa Ducati walikaa naye gerejini. Ilikuwa gereji ya pili ya kiwanda yenye rangi nyingine. Márquez pale Gresini alikuwa juu ya GP23, yaani pikipiki ya mwaka uliotangulia. Ducati zote mbili ni za timu huru, lakini ni mashine mbili tofauti.

Tofauti yenyewe haikuwa nguvu za farasi kwanza, ilikuwa tairi. Mwaka 2024 Michelin walileta tairi jipya la nyuma lenye mshiko mkubwa kuliko la 2023. Ungedhani mshiko zaidi ni neema kwa kila mtu. Sasa tazama dereva anapoingia kona akiwa bado ameshika breki: tairi la mbele linafanya kazi mbili kwa pamoja, kupunguza mwendo na kuikata kona. Tairi la nyuma likishika mno, linaisukuma pikipiki mbele badala ya kuteleza kidogo na kuisaidia kugeuka. Mzigo wote unalirudia tairi la mbele, nalo likizidiwa linaondoka ghafla, dereva yuko chini kabla hajajua kilichotokea. GP24 iliundwa huku tairi hilo likijulikana, kwa hiyo iliweza kuutumia mshiko ule kufunga breki zaidi kwa nyuma. GP23 iliundwa kwa tairi la zamani. Ni pikipiki iliyompa Bagnaia ubingwa wa 2023, haikuwa mbovu hata kidogo. Tairi ndilo lililobadilika chini yake.

Fundi wa Gresini angefanya nini? Anaweza kugusa breki ya injini (kiasi injini inavyopunguza mwendo dereva akiachia gesi) kwenye kompyuta ili gurudumu la nyuma liteleze kidogo wakati wa kuingia kona. Hapo pikipiki inageuka vizuri, ila inayumba kwenye breki kali. Anaweza kusogeza egemeo la swingamu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, au kubadili urefu wa nyuma, lakini mara nyingi anachokipata kwenye kuingia anakilipia kwenye kutoka. Fremu mpya hana, na haji kuipata. Márquez aliziba pengo hilo kwa mikono yake na akashinda Aragón, Misano na Phillip Island. Ushindi wa namna hiyo ni wa dereva zaidi kuliko wa mashine, na kwa maoni yangu nafasi yake ya tatu msimu ule ilikuwa kazi kubwa kuliko namba yenyewe inavyoonyesha.

Usihitimishe basi kwamba pikipiki ya mwaka jana ni masalia siku zote. Enea Bastianini alikuwa na GP21 pale Gresini mwaka 2022, akashinda mara nne, na mbio ya kwanza ya msimu, Qatar, ilikuwa mojawapo. Mwaka 2025 Álex Márquez alimaliza wa pili duniani akiwa na GP24 ya Gresini, akishinda Jerez, Barcelona na Sepang. Sababu iko kwenye ratiba. Ijumaa kuna mazoezi ya dakika 45, kisha mengine ya dakika 60, na hayo ya pili ndiyo yanayowapeleka kumi wa kwanza moja kwa moja kwenye Q2, kipindi cha mwisho cha kuwania nafasi za mbele za kuanzia mbio. Nusu ya mwisho wengi huitumia kusaka muda wa mzunguko mmoja kwa matairi laini. Timu yenye pikipiki ya mwaka jana inafika na data za mwaka mzima za uwanja uleule: springi gani, gia gani, breki ya injini kiasi gani kwenye kila kona. Dereva anatoka gerejini na kuanza kukimbia. Mwenzake mwenye toleo jipya anazitumia dakika zilezile kutafuta mahali pa kuanzia. Ndiyo maana pikipiki ya zamani hung'aa zaidi mwanzoni mwa msimu. Baadaye kiwanda kinaleta sehemu mpya, kwanza kwa madereva wake, na mwenye toleo la zamani anabaki palepale.

Kukodi kwenyewe kuna masharti yake. Kila dereva anakuwa na pikipiki mbili gerejini na idadi maalumu ya injini kwa msimu mzima, zikiwa zimepigwa lakiri. Fundi wa timu huru hafungui injini ile. Ikifikisha kilomita zake inarudi kiwandani, na dereva akitumia injini nje ya mgao wake anaanzia mbio kwenye njia ya gereji. Kilichobaki mikononi mwa mafundi ni springi na mafuta ya foku (miguu ya mbele inayoshika gurudumu), urefu wa mbele na nyuma, egemeo la swingamu, uwiano wa gia, uchaguzi wa diski za kaboni (mbele hutumika za milimita 340 au 355), na presha ya matairi.

Kwenye hiyo presha, timu huru inaweza kujiharibia yenyewe bila kiwanda kuhusika. Tangu 2024 tairi la mbele lazima liwe na angalau bar 1.8 kwa asilimia 60 ya mizunguko ya mbio kuu ya Jumapili, la sivyo dereva anaongezewa sekunde 16. Presha hupanda na joto. Dereva akiwa nyuma ya wengine hapati hewa baridi, tairi linachemka, presha inapaa, tairi linavimba na sehemu inayogusa lami inapungua. Hapo breki zinakuwa za wasiwasi. Akiwa mbele peke yake, hewa inalipoza tairi na presha inashuka. Fundi anapaswa kukisia, kabla ya taa kuzimika, dereva wake atakimbia wapi. Akiweka chini akitarajia msongamano, halafu dereva akaongoza, wanaingia kwenye adhabu. Qatar 2025 Maverick Viñales wa Tech3 aliongoza baadhi ya mizunguko na kuvuka mstari wa pili, kisha sekunde 16 zikamshusha hadi nafasi ya 14.

Upande wa kompyuta mambo ni sawa kwa wote kwa kiasi fulani. Tangu 2016 kila pikipiki inatumia kompyuta ya Magneti Marelli na programu moja. Thamani zinazoingizwa humo ndizo zinazotofautiana, na anayejua kuziingiza ni mhandisi wa kiwanda. Hapa ndipo sera ya kiwanda inapojulikana. Kuanzia 2022 hadi 2024 Ducati walikuwa na pikipiki nane uwanjani, na data za wote zilikuwa wazi kwa wote. Dereva wa Gresini aliweza kuona Bagnaia anafunga breki wapi na anafungua gesi lini. Suzuki walikuwa na pikipiki mbili tu bila timu huru yoyote. Walichukua ubingwa wa 2020 na Joan Mir, ila data zilikuwa za watu wawili, na walipojiondoa mwisho wa 2022 hapakubaki Suzuki hata moja.

Kiwanda nacho kina faida yake. Kwenye ubingwa wa watengenezaji anahesabiwa dereva wa kwanza tu wa kila kiwanda katika kila mbio, hivyo pointi za dereva wa timu huru zinaweza kukibeba kiwanda siku madereva wake wakianguka. Pointi hizohizo ndizo zinazopanga daraja la nafuu kutoka A (wenye pointi nyingi) hadi D (wenye chache). Aliye A anapewa matairi 170 ya majaribio kwa msimu na haruhusiwi kuleta dereva wa ziada kwenye mbio, aliye D anapewa 260 na anaruhusiwa mara sita. Zaidi ya hapo, kwenye D hata madereva wa kawaida wa mashindano wanaweza kufanya majaribio ya faragha. Mwaka 2025 Yamaha walikuwa D na Ducati A, kwa hiyo dereva wa Pramac, timu huru, alikuwa na ruhusa ya majaribio ambayo Marc Márquez, aliyekuwa amehamia timu ya kiwanda ya Ducati, hakuwa nayo.

Je, kiwanda kinaweza kumbania dereva wa timu huru anapomshinda wa kwake? Njia zipo: sehemu mpya zichelewe mbio mbili tatu, mhandisi mzuri ahamishwe. Mwaka 2024 Martín alikuwa ameshakosa nafasi ya timu ya kiwanda katikati ya msimu, akasaini na Aprilia, na bado aliendelea kupewa mashine sawa na Bagnaia hadi Barcelona mwishoni. Ducati wanastahili heshima kwa hilo. Bagnaia alishinda mbio 11 za Jumapili, Martín tatu. Ubingwa ukaamuliwa na anguko za Bagnaia, pointi 508 kwa 498.

Kuhusu kuunda pikipiki yao, walijaribu. Mwaka 2012 kanuni ziliruhusu timu kununua fremu kwa mafundi kama FTR au Suter na kufunga injini iliyotokana na pikipiki ya dukani, ya Honda, Kawasaki au BMW. Walipewa petroli lita 24 wakati viwanda vilikuwa na 21, na injini 12 kwa msimu dhidi ya 6. Ili kuzuia ujanja, kiwanda kingeweza kudai kununua injini yao kwa euro 20,000. Haikutosha. Matairi ya Bridgestone yalikuwa yamekuzwa na pikipiki za viwanda, fremu mpya hazikuweza kuyapasha moto ipasavyo, na programu za kompyuta zilikuwa nyuma kwa miaka. Michele Pirro alipata nafasi ya tano Valencia kwenye lami yenye maji, na hayo yalikuwa miongoni mwa matokeo bora kabisa ya mpango ule. Baada ya 2013 ukaondolewa.

Kanuni za 2027 zinageuza hesabu hii. Injini zinashuka kutoka cc 1000 hadi 850, upana wa silinda kutoka milimita 81 hadi 75, petroli ya Jumapili kutoka lita 22 hadi 20, vifaa vya kushusha kimo cha pikipiki ikiwa mbioni vinapigwa marufuku na matairi yanakuwa ya Pirelli. Pikipiki ya 2026 haitaruhusiwa kuingia uwanjani, kwa hiyo hakutakuwa na toleo la mwaka jana la kukodi. Kiwanda chenye timu huru kitalazimika kuipa pikipiki mpya, na cha kufuatilia ni kama karakana yake itamudu kuunda injini na fremu za kuwatosha madereva wanne au sita kwa wakati mmoja.