Ukiandika Historia ya Ushirika, Anza na Daftari la Mweka Hazina

Wazee wa ushirika wetu wa Kiyunitaria hapa Nairobi waliponipa kazi ya kuandika historia yetu, nilianzia mbali: Torda, Transilvania (leo ni sehemu ya Romania), mwaka 1568, baraza la nchi hiyo liliporuhusu kila ushirika kubaki na mhubiri unayemridhia. Nikamweleza Francis David, mwanzilishi wa kanisa la Kiyunitaria huko, aliyefundisha kwamba Mungu ni mmoja, si utatu, akafia gerezani mwaka 1579. Nikajaza kurasa kumi na mbili. Mama anayetupikia chai tangu ibada ya kwanza akazisoma zote, akavua miwani. "Mwanangu, na sisi tuko wapi humu?"

Nikaomba daftari la mweka hazina. "Kodi ya darasa. Mafuta ya taa. Sukari kilo 2." Ndipo nilipojua kwamba tulianza kwenye darasa la kukodi Eastlands, na kwamba umeme ulipopotea ibada iliendelea. Kwenye mchango wa matanga kuna majina 31, na la mwisho limeandikiwa: "Sh. 20, na alichota maji." Nililisoma mstari huo mara nyingi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimuuliza mzee "mlianzaje?" atakupa hotuba. Muulize viti vilitoka wapi. Muulize nani alinunua kombe. Kombe letu la kuwashia moto wa ibada ni bakuli la udongo kutoka soko la Gikomba. Alama yenyewe ya Wayunitaria, kombe lenye moto, ilichorwa na msanii Hans Deutsch mwaka 1941 kwa ajili ya kamati yao iliyookoa wakimbizi wa vita Ulaya, lakini watoto wetu wanalijua bakuli kwa ule ufa wake, na aliyeliangusha yumo kwenye historia, kwa ridhaa yake. Kama mmesajiliwa, tafuteni pia nakala za taarifa mnazompelekea Msajili wa Vyama kila mwaka. Zina majina ya viongozi waliosahaulika.

Na rekodi kwa simu siku hiyohiyo, hata kuku wakipiga kelele. Kuna mzee niliyemwahirisha Jumapili tatu. Nilipompigia, simu ilipokewa na binti yake, akilia. Ni mzee huyo tu aliyejua kwa nini tulihama lile darasa. Nimeiacha nusu ukurasa wazi. Binti anapekua sanduku la barua za babake.