Uzamivu wa teknolojia ya habari ukiwa kazini Masasi

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwalimu wa Masasi mwenye shahada ya uzamili anaweza kusomea uzamivu (PhD) wa teknolojia ya habari bila kuacha kazi. Inawezekana, hasa kwa njia ya tasnifu, yaani andiko refu la utafiti, ambapo muda mwingi huenda kwenye utafiti kuliko darasani, ila hakikisha kwanza masharti ya chuo na ruhusa ya mwajiri. Kabla ya kujaza fomu, tafuta msimamizi anayelijua swali lako la utafiti, na swali lenyewe lichimbue huko huko Masasi: uzito wa korosho unaoandikwa mzanini kwenye chama cha msingi cha ushirika unafikaje kwenye mfumo wa malipo pale mtandao unapokatika, na mkulima anauhakikije? Hilo ni swali zito kweli.