Mabeki wa Unai Emery wanapandaje juu bila kuadhibiwa?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 20, ligi ya wilaya hapa Tanga. Nimekuwa nikiifuatilia Aston Villa ya England chini ya kocha Unai Emery, namna mabeki wanavyopanda hadi karibu na nusu ya uwanja na washambuliaji wa timu pinzani wanavyonaswa kwenye mtego wa kuotea, yaani mabeki wanapanda pamoja ili mshambuliaji aachwe nyuma yao mpira unapopigwa. Nikaufundisha mtego huo kwa wiki moja, tukaingia nao mechini. Tumefungwa manne, na matatu yalitokana na mipira mirefu nyuma ya mabeki, ingawa mabeki wangu wa kati wana mbio. Nimekosea wapi? Na je, Emery amecheza hivi tangu enzi za Sevilla, au ni mambo ya Villa tu?

JIBU: Nzuri, kocha. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuonyesha ulipokosea. Emery hajacheza hivi siku zote. Kupandisha mabeki namna ile ni uamuzi alioufanya Villa, kwa wachezaji aliowakuta na aliowanunua pale. Timu zake nyingine zilikaa chini zaidi, na bado zilibeba makombe.

Tazama alikotoka. Mwaka 2004 alikuwa bado mchezaji wa Lorca Deportiva, daraja la tatu la Hispania, umri miaka 33 na goti linamsumbua. Uongozi ukamkabidhi timu katikati ya msimu, naye akaipandisha daraja mwaka 2005. Almería akaifikisha La Liga, ligi kuu ya Hispania, mwaka 2007, na msimu uliofuata ikamaliza ya 8. Valencia alikaa kuanzia 2008 hadi 2012 na kushika nafasi ya tatu misimu mitatu mfululizo, huku klabu iliyolemewa na madeni ikiwauza David Villa na David Silva mwaka 2010, kisha Juan Mata mwaka uliofuata. Kocha anayeuziwa nyota wake kila dirisha la usajili hawezi kung'ang'ania staili moja. Kila msimu anaanza kwa kuwauliza waliobaki wanaweza nini. Swali hilo wewe umeliruka, umekwenda moja kwa moja kwenye mtego.

Spartak Moscow ilimfukuza Novemba 2012 baada ya miezi michache tu. Sevilla, aliyoichukua Januari 2013, ndiyo iliyomkuza: Europa League mara tatu mfululizo, 2014 dhidi ya Benfica kwa penalti, 2015 dhidi ya Dnipro 3-2, 2016 dhidi ya Liverpool 3-1. Kisha akaenda PSG ya Ufaransa, na huko kuna somo linalokuhusu wewe kabisa. Machi 2017 alikwenda Camp Nou, uwanja wa Barcelona, akiwa mbele mabao 4-0 ya mechi ya kwanza, akafungwa 6-1. PSG siku ile ilirudi nyuma mno, karibu na boksi lake. Barcelona ilifunga mabao matatu kuanzia dakika ya 88. Lile la mwisho, dakika ya 95, litazame tena kwa makini: Neymar yuko nje ya boksi, anapata sekunde ya kuinua kichwa, anaudondosha mpira nyuma ya mabeki, na Sergi Roberto anaunyooshea mguu. Mabeki walikuwa chini kabisa, na bado mpira ulipita nyuma yao, kwa sababu aliyekuwa na mpira alikuwa huru kuchagua pa kuuweka.

Sasa Villarreal. Hapo alichukua Europa League yake ya nne, mwaka 2021, kwa penalti 11-10 dhidi ya Manchester United. Kipa Gerónimo Rulli alifunga ya 11 na kuidaka ya David de Gea. Msimu uliofuata, kwenye Ligi ya Mabingwa, aliing'oa Juventus kwa ushindi wa 3-0 mjini Turin, kisha Bayern. Mechi ya marudiano pale Munich mabeki wake hawakupanda popote. Mistari miwili ya watu wanne ilikaa chini, karibukaribu, ikasubiri hadi Samuel Chukwueze alipomalizia shambulizi la kushtukiza dakika ya 88. Mmoja wa mabeki wa kati usiku ule alikuwa Pau Torres. Mwaka 2023 Emery alimchukua Pau Torres huyohuyo akampeleka Villa, akamsimamisha karibu na nusu ya uwanja. Kocha yuleyule na beki yuleyule, safu mbili tofauti kabisa. Na Pau Torres hana mbio za kutisha. Sifa zake ni mguu wa kushoto wenye pasi na macho yanayosoma mchezo.

Kwa hiyo hoja yako kwamba mabeki wako wana mbio haitoshi. Mbio humsaidia beki baada ya kosa kutokea. Kinachoiruhusu safu kupanda ni presha juu ya mwenye mpira, na hiyo ni kazi ya washambuliaji na viungo. Villa inapokaba katika 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), Ollie Watkins na mwenzake wa mbele hufunga njia ya katikati, viungo wa pembeni huingia ndani, na mwenye mpira hulazimika kucheza pembeni au kurudisha. Mpira mrefu sahihi unahitaji vitu vitatu: muda wa kuutengeneza mpira, kichwa kilichoinuliwa, na nafasi ya kuzungusha mguu. Ukimnyima kimoja tu, mpira wake utafika mapema mno, umechelewa, au kwa kipa wako. Ukimwachia vyote vitatu, hata mabeki wenye mbio za mita 100 hawatakusaidia. Kwa maelezo uliyonipa, nina hakika mabao yako matatu yalianzia kwa mtu ambaye hakuna aliyemsogelea.

Wafundishe vijana kutazama alama moja: mpira umefungwa au uko wazi? Umefungwa pale mwenye mpira anapoelekea goli lake, anapoinamisha kichwa kuutuliza, au anapokuwa na mtu mita moja au mbili mbele yake. Hapo safu inapanda, mita mbili au tatu kwa pasi ya kawaida, tano au zaidi pasi inaporudishwa nyuma. Uko wazi pale anapoelekea mbele na hana mtu. Hapo hakuna kupanda. Mabeki wanageuka ubavu, mguu mmoja nyuma, na kuanza kushuka kabla mpira haujapigwa. Beki anayesimama kifua wazi akimtazama mwenye mpira, visigino vimeganda chini, ndiye anayefungwa. Kugeuka kutoka hali hiyo kunamla nusu sekunde, na nusu sekunde kwa mshambuliaji anayekimbia ni mita tatu hadi nne.

Zoezi lenyewe halihitaji vifaa vingi. Tumia nusu ya uwanja, upana wote. Weka kipa, mabeki wanne na viungo wanne dhidi ya washambuliaji wanane. Panga koni kwenye mstari wa pembeni kila baada ya mita tano, ili mabeki waone walipo. Kwenye uwanja wa vumbi mistari iliyochorwa hufifia na safu hujipinda bila wao kujua. Wiki ya kwanza mpira unapasiwa kwa mkono, watu wanatembea, na kila pasi safu inajibu: panda, simama, shuka. Wiki ya pili mnakimbia nusu mwendo. Wiki ya tatu ndipo mnaachia kasi kamili na mipira mirefu. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, mara mbili au tatu kwa wiki. Zaidi ya hapo akili zinachoka na makosa yanageuka mazoea. Amri atoe mtu mmoja, beki wa kati anayeona uwanja vizuri zaidi, kwa neno moja fupi. Wakipiga kelele wawili, mmoja atapanda na mwingine atashuka.

Umbali nao uupime. Kati ya safu ya mabeki na mshambuliaji wako wa mbele kusizidi mita 30 hivi. Kati ya beki na beki ni mita 8 hadi 10 kwa upande wenye mpira. Kipa asibaki golini: mabeki wakiwa karibu na nusu ya uwanja, yeye asimame nje ya boksi lake, tayari kutoka na kupiga kwa mguu. Kipa wako akiogopa kutoka, teremsha safu mita 10 na uache kubishana naye, maana nafasi iliyo kati yake na mabeki ndiyo inayokuua.

Mtego hufa kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni beki wa pembeni wa upande usio na mpira. Amesinzia, yuko mita mbili nyuma ya wenzake, na anamfanya kila mshambuliaji kuwa salama. Kila ukiangalia video ya bao la namna hii, anza kumtafuta yeye. Ya pili ni mkimbiaji anayetokea nyuma, yaani kiungo au beki wa pembeni wa timu pinzani. Huyo haotei kwa sababu mpira unapopigwa bado hajaifikia safu yenu. Aprili 2025 pale Villa Park, Villa iliifunga PSG 3-2 lakini ikatolewa kwa jumla ya 5-4, na mabao yote mawili ya PSG usiku ule yalifungwa na mabeki wa pembeni, Achraf Hakimi na Nuno Mendes. Mtego haumzuii mtu wa aina hiyo. Lazima kiungo wako amfuate. Ya tatu ni kusahau sheria: mpira wa kurusha, goal kiki na kona havina kuotea mpira unapopokewa moja kwa moja. Mpinzani akirusha karibu na boksi lako na vijana wako wakapanda, wamejifunga wenyewe.

Sasa jambo ambalo televisheni haikuonyeshi. Msimu wa 2023/24 Villa iliwanasa wapinzani kwenye kuotea kuliko timu nyingine yoyote ya Ligi Kuu ya England, lakini nyuma ya kibendera ilikuwapo VAR, yaani waamuzi wa video. Wewe una mshika kibendera mmoja kila upande. Mshambuliaji akienda mbele kwa mita 7 kwa sekunde na beki akipanda kwa mita 3, wanapishana kwa mita 10 kila sekunde, yaani mita nzima katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna jicho la binadamu linalokata hapo kwa uhakika, na mshika kibendera aliyeachwa nyuma hatua mbili ataona kitu kingine kabisa. Kwa hiyo usiitumie safu kutafuta kibendera. Itumie kuubana uwanja, ili wapinzani wacheze mbali na goli lako. Na wakataze vijana kuinua mkono na kusimama. Wakimbie hadi filimbi ilie.

Emery mwenyewe anailipia safu hiyo. Villa aliichukua Novemba 2022 ikiwa karibu na eneo la kushuka daraja, ikamaliza ya 7, na msimu uliofuata ikawa ya 4 na kufuzu Ligi ya Mabingwa. Desemba 2023 iliifunga Manchester City 1-0 na kuiruhusu mashuti mawili tu mechi nzima. Lakini msimu huohuo iliruhusu mabao 61 ya ligi, na mechi ya ufunguzi ilipigwa 5-1 na Newcastle. Alikubali bei hiyo kwa sababu timu yake ilifunga 76. Je, yako inafunga mangapi?

Mechi ijayo anza na safu ya katikati: mabeki mita 30 hadi 35 kutoka golini, washambuliaji wawili wakianza kukaba mpira unapovuka duara la katikati. Wapandishe pale tu mpira unaporudishwa nyuma. Mtu mmoja akae pembeni na daftari, aandike kila mpira mrefu wa wapinzani na kama mpigaji alikuwa na mtu mbele yake au hapana. Baada ya mechi mbili hesabu. Wapigaji walio huru wakiwa zaidi ya theluthi moja, usiwaguse mabeki, rudi ukawafundishe washambuliaji kukaba.