Mleta mada, zima hiyo Land Cruiser kwanza

Mkuu, umetuwekea sura ya kwanza ya riwaya yako na kuomba ushauri; kabla hujagusa sura ya pili, acha. Huyo kijana wako, miaka 60 baada ya dunia kuisha, anavunja gereji Ilala, anakuta Land Cruiser, anapiga stata, inaunguruma, huyoo Morogoro. Nilifanya upuuzi huohuo na jenereta kwenye riwaya yangu, na maboksi ya vitabu yako chini ya kitanda changu mpaka leo.

Hadithi yenyewe ilikuwa Dar, miaka 40 baada ya umeme kukatika (sio mgao, kukatika kabisa). Shujaa anaokota jenereta mtaani Gerezani, anavuta kamba, taa zinawaka, watu wanalia. Nakala 300, kwa hela ya mchezo (upatu) ya mke wangu. Siku ya kwanza kuuza, fundi jenereta mmoja akanunua, akasoma palepale kasimama, akaniuliza, "Kaka, petroli gani hiyo?" Akanipeleka kibandani kwake, akafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ya jenereta iliyolala miaka miwili tu. Petroli ikikaa inaoza. Ndani utando wa kahawia kama sukari iliyoungua, harufu ya rangi ya mlango, katundu ka kupitisha petroli hukaoni. Miwili, mkuu. Mimi niliandika 40.

Aliyenipoteza ni mhariri wa kujitangaza, kala laki mbili na nusu yangu akaniambia msomaji wa hadithi hizi hajali ufundi, anataka hisia. Hisia nilizipata mimi, kwa mke wangu.

Kwa hiyo kitu cha zamani kikitaka kuwaka kwenye hadithi, uliza kinakula nini, na nani aliyebaki anajua kukilisha. Betri ya gari haivuki miaka hiyo. Mitambo ya umeme wa gesi ya Ubungo inalishwa kwa bomba kutoka kisiwa cha Songo Songo, nani yuko kule? Hata ujuzi unaoza: miaka ya 1970 watafiti waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama zamani, ikabidi wajaribu tena na tena, na hao walishauona ukifanyika. Paneli ya sola ndiyo inaweza kudumu, lakini betri zake zimekufa, basi kijiji kinasikilizana kwa redio za mawasiliano (radio call) mchana tu, jua likizama kimya. Hapo una hadithi!

Uliuliza na nini tena, jalada? Majina? Sijui. Hiyo gari ifanye banda la kuku. Na nakala zangu 211 zipo, nakuachia kwa bei ya hasara.