Oili ya usukani inapochemka: maswali yenu

Tangu mvua zianze, ujumbe mwingi unaonifikia unahusu usukani: umekuwa mzito, unanguruma, oili inamwagika. Nimechukua michache.

Nilikwama kwenye tope la Ndutu nikahangaika karibu saa nzima. Usukani ukaanza kunguruma, ukawa mgumu, na nilipofungua boneti nikakuta oili imefurika kwenye kopo lake. Gari ni Land Cruiser mkonga iliyorefushwa. Pampu imekufa?
*Dereva wa utalii, Sakina, Arusha*

Pole sana, kaka. Huenda haijafa, ila umeitesa.

Pampu ya usukani inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo inasukuma oili muda wote injini inapowaka, ukate kona usikate. Tairi zikiwa zimenyooka, oili inapita kirahisi na kurudi kwenye kopo. Ukikata mpaka mwisho ukang'ang'ania hapo, oili inakosa pa kwenda. Presha inapanda mpaka psi 1,000 na zaidi, ndipo vali ya usalama inafunguka na kuirudisha oili ileile ilikotoka. Tairi hazisogei hata kidogo, lakini nguvu yote ambayo pampu inapokea kwenye mkanda inageuka joto, tena ndani ya mfumo wenye oili ya lita moja hivi.

Sasa kumbuka ulivyokuwa unajinasua. Udongo mweusi wa kule ukilowa unazibana tairi za mbele, na dereva anachofanya ni kukanyaga mafuta huku akikata kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akitafuta ukingo wa kushika. Gari haliendi, kwa hiyo hakuna upepo unaoingia mbele, na feni inavuta joto la rejeta na kulirusha kwenye injini yote, pampu ikiwemo. Oili inatanuka. Ikichanganyika na hewa inakuwa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma kitu. Huo mngurumo na ule ugumu ndiko vilikotoka.

Siku nyingine ukigusa mwisho, rudisha usukani kidogo, upana wa kiganja unatosha. Usishikilie mwisho zaidi ya sekunde tano. Kata usukani tairi zikiwa zinazunguka, hata kama ni polepole. Na shuka uchimbe mapema! Najua wageni wamekaa nyuma wanapiga picha na wewe hutaki kuonekana umeshindwa, lakini dakika kumi za sepetu ni rahisi kuliko pampu.

Ukishausikia mngurumo, nyoosha tairi, toa mguu kwenye mafuta, uiache injini kwenye sailensi dakika kadhaa. Oili inayozunguka bila mzigo inapoa haraka kuliko iliyosimama. Kama inavuja, hapo zima mara moja, kwa sababu oili hii ikidondokea bomba la moshi lililopata moto inaweza kuwaka. Pampu usiimwagie maji.

Dukani nilipewa chupa isiyo na lebo, nikaambiwa ni "haidroliki, inaingia gari zote". Ni nyekundu. Niweke?
*Mama mwenye pikapu, Pasua, Moshi*

Usiweke, mama. Hakuna oili inayoingia gari zote, na wekundu ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Soma maandishi kwenye mfuniko wa kopo au kwenye kitabu cha gari. Land Cruiser za injini ya 1HZ na Land Rover Defender za 300Tdi zinatumia ATF ya Dexron, ile ya gia boksi za otomatiki. Honda wana yao. Gari nyingi za Kijerumani zinatumia ya kijani, na hiyo usiichanganye na nyekundu. Oili ya breki isiguse kabisa kopo la usukani, maana inavimbisha sili na kuziharibu.

Ukitaka kujua hali ya iliyomo, chovya kijiti chake na upanguse kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Doa jekundu lililo wazi ni zuri. Likiwa la kahawia, badilisha. Likiwa jeusi lenye harufu ya kuungua, joto limeshafanya kazi yake. Kisha ligeuze doa kwenye jua: ukiona vumbi linalometameta, hicho ni chuma cha pampu, na oili mpya peke yake haitakuponya.

Nimetoa tairi za 7.50R16 nikafunga 285/75R16. Gari limependeza ila usukani unapata moto. Je, nifunge pampu kubwa?
*Msomaji, Njiro*

Tairi la zamani lina upana wa milimita 215 hivi, hili lina 285. Umeongeza kama theluthi nzima ya mpira unaosugua ardhi kila unapokata gari likiwa limesimama. Kama uliweka na rimu zinazotokeza nje, au spesa, umezidisha tena. Ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga au tope, mzigo unapanda zaidi.

Kabla ya kununua pampu, inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, zima injini, kisha zungusha usukani kwa mkono. Ukiwa mzito au unakwama mahali, tatizo liko kwenye viungo: tairodi zimekauka, beringi za kona zimekosa grisi, au boksi la usukani limekazwa kupita kiasi. Pampu inalipia deni la grisi. Nimeona gari zilizofungwa vipozeo vya oili (rejeta ndogo za kuipoza) vya bei mbaya wakati shida ilikuwa hapo.

Ukiwa mwepesi, basi ni tairi, na hapo ama urudi kwenye saizi ya kawaida ama ufunge kipozeo. Pampu kubwa inaongeza nguvu na joto pia.

Kipozeo chenyewe kinafungwa wapi? Fundi wangu wa Unga Limited anasema popote penye nafasi.
*Mwenye Land Rover, Usa River*

Siyo popote. Kwanza, kifungwe kwenye mpira wa kurudisha oili, ule unaotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye kopo. Mpira wa presha usiukate kamwe. Kipozeo cha kawaida kitapasuka.

Pili, kikae penye upepo, mbele ya rejeta lakini pembeni, kisizibe rejeta yenyewe. Kikifungwa chini ya bampa kitakula mawe ya barabara ya Ziwa Natron, na tope likikauka kwenye mapezi yake hakipozi tena. Kuna adui mwingine ambaye mafundi wa mjini hawamfikirii: mbegu za nyasi. Baada ya mvua, ukiingia njia zenye nyasi ndefu Tarangire au Serengeti, mbegu zinajisokota kwenye mapezi mpaka hewa haipiti. Weka pale mkono na mpira wa maji vinapofika, na usitumie mashine ya presha kwa karibu, inalaza mapezi.

Kipozeo kilichotumika kutoka gari la otomatiki kinatosha kabisa, mradi kisafishwe ndani. Njia zake zisiwe nyembamba kuliko mpira wa zamani, maana oili ikibanwa inaporudi inasukuma sili za boksi. Mpira uwe wa oili. Wa maji unalainika, unavimba na kuchomoka, na utachomoka kwenye mteremko.

Ukimaliza, jaza, inua tairi za mbele, zungusha usukani mwisho kwa mwisho mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ukiongeza oili inaposhuka. Ndipo uwashe. Ukiona mapovu, zima, subiri, rudia. Mimi hupenda kumaliza kwa kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali: baada ya kupanda kutoka Lerai, chini kwenye kreta ya Ngorongoro, elekeza kwenye kopo. Likipita nyuzi 100, naanza kutafuta sababu.

Asubuhi kwenye ukingo wa Ngorongoro usukani unalia, baadaye unanyamaza.
*Dereva, Karatu*

Kule juu ni zaidi ya mita 2,200 na baridi ni kali, oili inakuwa nzito. Mlio mkali wa kukwaruza ni mkanda uliolegea. Mngurumo wa chini ni oili iliyopungua au kichujio kilichoziba chini ya kopo. Kopo nyingi zina wavu humo ndani ambao haukumbukwi.

RAV4 yangu sioni kopo la oili ya usukani. Limeibiwa?
*Dada wa Majengo, Moshi*

Halijaibiwa. RAV4 za kuanzia 2006 hivi zinasaidiwa na mota ya umeme. Hata hiyo ukiikatakata sana ukiwa umesimama inapata moto na kupunguza msaada ili isiungue. Ikipoa inarudi yenyewe.

Pampu imeungua nikiwa kazini njia ya Londorossi. Tajiri anataka kunikata mshahara. Ni haki?
*Dereva, Moshi*

Mimi si hakimu, ila pampu ya zamani inaweza kutoa ushahidi. Mwombe fundi aifungue mbele yenu wote wawili. Oili ikiwa nyeusi, ina masizi, na ndani kumechimbika mistari, hayo ni mambo ya muda mrefu; mwulize tajiri oili ilibadilishwa lini na risiti iko wapi. Oili ikiwa bado nyekundu na safi lakini sili imepasuka, itabidi ueleze ulivyokuwa unakata kona pale kwenye tope la juu ya Sanya Juu. Kaichukue leo, kabla gereji haijaiuza chuma chakavu.